Daraja la Walnut Street na Haki ya Mtembea kwa Miguu

Mtu akiuliza kwa nini mji ugharamie daraja ambalo gari haliruhusiwi kulipita, mimi humtajia Daraja la Walnut Street la Chattanooga, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani. Daraja hilo la kenchi kubwa za chuma, lenye urefu wa futi 2,376, yaani takriban mita 724, lilifunguliwa mwaka 1891 kuunganisha katikati ya mji na ng'ambo ya kaskazini ya Mto Tennessee, likabeba magari hadi mwaka 1978, lilipofungwa kwa sababu ya uchakavu. Wapo waliotaka libomolewe, na hoja yao ilikuwa na uzito, maana chuma kisipopakwa rangi na kukaguliwa huliwa na kutu. Hata hivyo waliolitetea walishinda, na mwaka 1993 likafunguliwa upya kwa ajili ya watembea kwa miguu.

Naunga mkono uamuzi huo kwa sababu nzito kuliko mandhari ya mto. Juu ya daraja hilo Wamarekani weusi wawili waliuawa na makundi ya watu bila hukumu halali: Alfred Blount mwaka 1893, na Ed Johnson tarehe 19 Machi 1906. Johnson alikuwa amehukumiwa kifo kwa tuhuma ya ubakaji, lakini Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kusimamisha adhabu hiyo ili isikilize rufaa yake, na kundi likamtoa gerezani usiku, likamnyonga darajani na kummiminia risasi. Mahakama hiyo ilimtia hatiani mkuu wa polisi wa eneo hilo, Joseph Shipp, mwaka 1909, na mwaka 2000 jaji wa Tennessee alifuta hukumu ya Johnson.

Mwenye gari hupita mahali pa namna hiyo kwa sekunde chache bila kujua lolote, ilhali anayetembea anaweza kusimama, akasoma, akamweleza mwanawe. Ndiyo maana nasikitika kwamba kumbukumbu ya Johnson ilizinduliwa mwaka 2021 tu, miaka 28 baada ya ukarabati. Ilistahili kupangwa pamoja na mbao na rangi. Ipo kwenye upande wa kusini wa daraja, na sanamu yake imewekwa pamoja na za Noah Parden na Styles Hutchins, mawakili weusi waliolazimika kuuhama mji huo kwa sababu walimtetea.