Tawi la Manyoni–Singida: reli ipo, mzigo je?

Mkoa wa Singida umewahi kupata reli mara mbili. Ya kwanza Waingereza waliijenga miaka ya 1930 kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, ambako leo ni wilaya ya Mkalama, kisha wakaing'oa miaka ya 1940 kwa kuwa haikujilipa. Ya pili ni tawi la kilomita 115 hivi kutoka Manyoni hadi Singida mjini, lililojengwa miaka ya 1980 na 1990, na kwa miaka mingi sasa limekaa bila huduma ya kawaida. Jirani zao wa Dodoma nao wana kaburi lao: tawi la Msagali–Kongwa, lililowekwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947, likaufuata mradi wenyewe ulipokufa.

Wanaotaka tawi la Singida lifufuliwe husema reli bado ipo, kwa nini ioze. Wanaopinga huonyesha kutu na miti iliyoota katikati ya mataruma, yale magogo ya kulalia reli. Pande zote mbili zinatazama chuma, na chuma ndicho rahisi kuliko yote: ukiwa na fedha, unakinunua.

Tuanze nacho hata hivyo, maana hesabu yake inajulikana. Reli ya ratili 80 kwa yadi, aina iliyowekwa katika ukarabati wa Reli ya Kati kati ya Dar es Salaam na Isaka, ina uzito wa karibu kilo 40 kwa mita. Kwa pande mbili ni tani 80 kwa kilomita, yaani tani 9,200 kwa tawi zima kama utaamua kubadilisha zote. Mataruma, kwa kadirio la 1,400 kwa kilomita, yanafika 161,000. Reli za urefu wa mita 12 zina maungio kama 167 kwa kilomita, kila ungio lina vibamba viwili na boliti nne, kwa hiyo tawi zima linahitaji boliti zipatazo 77,000. Hizo boliti ndizo za kwanza kupotea. Biashara ya vyuma chakavu haianzi kwa kubeba reli ya kilo 480. Huanza kwa kijana mwenye spana na mfuko.

Boliti isipoibwa, huganda kwa kutu, na hilo lina madhara ambayo wengi hawayatarajii. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 4, na ndiyo sababu fundi huacha nafasi ndogo kwenye ungio. Vibamba vikigandana na reli, nafasi ile haifanyi kazi. Jua la Oktoba likipiga, reli inatafuta pa kwenda, na mahali ambapo kokoto zimepungua inapinda kando. Mtu anayepita anasema reli imechakaa, kumbe reli ni nzima na ugonjwa uko kwenye ungio.

Lakini kinachoua reli za kanda ya kati ni maji. Jambo hilo huonekana la ajabu kwa nchi kavu, ila mvua ya huku hunyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, tena kwa vishindo. Korongo lililokuwa na vumbi saa nane mchana laweza kuwa mto saa kumi. Kalavati likiwa limezibwa na mchanga na matawi, tuta la reli linageuka bwawa. Maji yanapanda upande mmoja, yanapata upenyo, yanakula udongo chini ya mataruma, na asubuhi reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Penye mbuga za udongo mweusi tatizo ni jingine: udongo unavimba masika, unapasuka kiangazi, na usawa wa reli unaharibika hata bila treni kupita.

Kwa hiyo ukaguzi wa tawi lililolala unafaa kufanywa mara mbili. Kwanza Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na kila kalavati linaonekana, halafu tena mara baada ya mvua kubwa ili kuona maji yanapita wapi hasa. Kibali cha shirika la reli ni lazima, maana hifadhi ya reli si njia ya umma. Kwa miguu, watu wanne wenye kipimo cha upana wa reli, utepe, panga na simu ya kurekodi majiranukta (GPS) wanaweza kumaliza kilomita 10 hadi 12 kwa siku, hivyo tawi zima ni kazi ya siku kumi hivi. Kiberenge, kigari kidogo cha relini, ni cha haraka zaidi, ila hakifai kabla mtu hajatembea kwanza. Upana unaotakiwa ni milimita 1,000. Taruma bovu moja moja si hatari kubwa. Matatu yakifuatana ndiyo yanayoangusha behewa, kwa sababu hapo reli mbili zinaachana chini ya uzito. Kila kalavati lipimwe uwazi uliobaki, na mtu asiingize kichwa kabla ya kurusha jiwe: huku ni nchi ya asali, na nyuki wanapenda kivuli cha zege.

Sasa mzigo. Singida ina alizeti, mashudu, dengu, vitunguu na kuku. Kuku ataendelea kupanda basi. Kitunguu hakitaki behewa la chuma lililofungwa na kukaa juani siku tatu, kinataka hewa na mwendo, na lori lenye turubai linampa vyote viwili mfanyabiashara. Kinachobaki ni alizeti na jamaa zake, na hapa wapenda reli hukosea hesabu. Behewa la ekseli nne la reli yenye upana wa mita moja linaweza kubeba kama tani 40, lakini mbegu ya alizeti ni nyepesi na hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Ukipata tani 25 kwa behewa umefanya vizuri. Treni ya mabehewa 20 ni tani 500, sawa na malori 17 au 18 ya tani 28 hadi 30. Kwa magunia ya kilo 65 ni magunia 7,700, na kila moja linabebwa kutoka ghalani kwenda kwenye lori, kutoka lori kwenda behewani, kisha hivyo hivyo kinyume chake mwisho wa safari. Lori la barabarani lingelibeba mara mbili tu, kupandisha na kushusha. Mashudu yanabana vizuri zaidi, na mafuta kwenye matangi zaidi ya hapo, kwa hiyo reli inafaidi kama kusaga kunafanyika Singida kwenyewe.

Tena alizeti ni ya msimu. Mavuno yanaanza karibu Mei, yanachangamka miezi mitatu minne, halafu mabehewa yanalala. Mzigo wa kupanda, unaotoka pwani kuja bara, yaani saruji, mbolea, nondo na mafuta, ndio unaoamua. Treni inayokuja tupu na kurudi imejaa inatoza mkulima nauli ya safari mbili. Reli ya Kinyangiri nayo haikujilipa, na wakati ule hata lami haikuwepo. Leo barabara ya Manyoni–Singida ni ya lami, na lori linalotoka Singida linafika Dar es Salaam, kilomita 700 hivi, bila kumsubiri mtu.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na nzito kuliko zote ni Tanga–Arusha. Njia ile nayo ilikuwa imezikwa, watu wakijenga na kulima juu yake, lakini treni ya mizigo ikarudi Moshi mwaka 2019, ya abiria mwaka huo huo, na Arusha mwaka 2020. Imethibitisha kwamba shirika linaweza kufufua njia kwa mafundi wake. Ila tusichanganye mambo: kule kuna saruji ya Tanga inayopanda na msongamano wa abiria wa Desemba wanaokwenda Kilimanjaro. Singida haina kimojawapo kwa kiwango hicho. Habari ya abiria niiseme kwa ufupi: reli iliyofufuliwa kwa gharama nafuu itaruhusu mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, yaani karibu saa nne hadi nne na nusu kufika Manyoni, na basi linatumia chini ya saa mbili.

Kuna kikwazo kingine kisichotajwa vya kutosha: tawi haliwezi kuwa imara kuliko shina. Reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe imekuwa ikikatwa na mafuriko mara kwa mara, mabaya zaidi yakiwa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Ikikatika pale katikati ya msimu, alizeti ya Singida inakwama Manyoni. Reli mpya ya SGR inayopita Makutupora haina udhaifu huo kwa kiasi hicho, lakini upana wake ni milimita 1,435. Behewa la Singida haliwezi kuingia humo. Mzigo uhamishwe, na kuhamisha magunia kwa mgongo kunafuta nafuu yote. Kwa kontena na winchi inawezekana, na hapo ndipo fedha ya kwanza ingefaa kwenda, kabla ya taruma hata moja.

Kwa mizani yangu, kufufua tawi lote mwaka huu kwa sherehe na kukata utepe kungekuwa kurudia Kinyangiri. Kuliacha lifutike nako ni hasara, kwa sababu hifadhi yake ikishajengwa nyumba hairudi bila fidia na machozi. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya bei ndogo: kuzibua makalavati yote kila Oktoba, kukata miti, kupaka mafuta maungio yaliyosalia, kusimika upya nguzo za mipaka ya hifadhi, na kuwaajiri watu wa vijiji vya Manyoni na Ikungi kuilinda kwa zamu. Sambamba na hilo, wenye viwanda vya mafuta na wauza saruji waitwe wasaini ni tani ngapi watapitisha kwa mwezi, kupanda na kushuka, Januari ikiwemo. Saini za Julai tayari tunazijua.