Hapana ya Mark Meadows ilibaki Bungeni

Mwishoni mwa Novemba 2025, kesi ya uchaguzi wa 2020 ya jimbo la Georgia dhidi ya Trump na wenzake, akiwemo aliyekuwa mkuu wa watumishi wake wa Ikulu, Mark Meadows, ilipofutwa, rafiki yangu ambaye hatuachi kubishana naye siasa za Marekani alinitumia ujumbe: "Umeona Meadows katoka? Mtu mwaminifu hatupwi." Nilisoma, nikaiweka simu chini. Nimejaribu kuliacha lipite, limekataa kupita. Mwaminifu kwa nani?

Mark Meadows jina lake alilipata kwa kukataa. Aliingia Baraza la Wawakilishi Januari 2013 akitokea milima ya magharibi ya North Carolina, kule ambako zamani alikuwa na mkahawa wa sandwichi katika mji mdogo wa Highlands kabla ya kugeukia biashara ya nyumba na viwanja. Mwaka haujaisha, Agosti, akawaandikia viongozi wa chama chake cha Republican barua ya kuwataka watumie miswada ya fedha kuinyima pesa sheria ya afya ya Obama. Wenzake 79 wakatia saini. Oktoba shughuli za serikali zikafungwa siku 16. Mbunge mgeni huyo! Mwaka 2015 akawa miongoni mwa waasisi wa Freedom Caucus, kundi la wabunge wa Republican wenye msimamo mkali, na wakubwa wa chama walipomvua uenyekiti wa kamati ndogo kwa kupiga kura kinyume nao, siku chache tu wakalazimika kumrudishia. Julai 28 mwaka huo huo, siku aliyotimiza miaka 56, akawasilisha hoja ya kumwondoa Spika John Boehner, Republican mwenzake. Septemba Boehner akatangaza kwamba anaondoka.

Sera zake sikuzipenda hata moja, na kufunga serikali kunaanza kumuumiza mtumishi wa chini anayesubiri mshahara. Lakini nakubali, shingo upande: kumkabili Spika wa chama chako kunataka moyo. Hata Trump alionja. Machi 2017 Meadows na kundi lake waliukwamisha muswada wa afya wa Rais mpaka ukaondolewa kabla ya kupigiwa kura, na Rais mwenyewe akawatishia hadharani.

Ndipo Machi 2020 akaitwa Ikulu kuwa mkuu wa watumishi, wa nne kwa Trump. Alimpokea kijiti Mick Mulvaney, naye mwasisi wa kundi lile lile. Tanzania mbunge anateuliwa waziri na kiti chake cha Bunge kinabaki, kwa hiyo tumezoea kuona uteuzi kama kupanda ngazi tu. Marekani ni lazima uchague. Meadows alijiuzulu ubunge. Aliacha kazi ya kuichunguza serikali akaenda kukaa mlangoni kwa mkuu wa serikali.

Na mlango ule ndio hoja yangu yote. Kazi ya mkuu wa watumishi wa Ikulu si kupanga miadi wala kubeba mafaili. Ni kuwa mtu wa mwisho chumbani anayeweza kumwambia Rais: hili hapana, mheshimiwa, lilale kwanza.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mtu mwema, ila mwenye hasira za ghafla, na akikasirika anaandika barua: huyu afukuzwe, yule aripotiwe. Baba alizipiga chapa zote vizuri, kisha akazilaza kwenye droo ya kushoto. Asubuhi anaziweka mezani tena na kikombe cha chai: "Mwalimu, hizi za jana zitoke?" Nyingi hazikutoka. Siku moja nilimuuliza kama haogopi kufukuzwa. Akanijibu kwamba akifukuzwa kwa hilo, basi hiyo kazi haikuwa na maana. Karani wa shule, mwenye mshahara wa kununulia unga na mafuta ya taa.

Sasa isikilizeni rekodi ya Januari 2, 2021. Trump anampigia Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa Georgia, kumtaka amtafutie kura 11,780 za kupindua ushindi wa Biden jimboni humo. Simu inachukua kama saa nzima. Anayeifungua ni Meadows. Anajitambulisha, anataja nani yuko kwenye laini, kisha anampisha Rais. Baadaye anaingia kwa sauti laini kabisa, akiomba, kwa ari ya ushirikiano, ipatikane njia isiyo ya kimahakama. Sauti hiyo ilinikera kuliko ya Trump. Huyu ni mtu aliyemtikisa Spika, anajua sheria za uchaguzi, anajua kura zimeshahesabiwa zaidi ya mara moja. Hiyo ilikuwa barua ya kulazwa kwenye droo. Yeye aliishika kalamu ili isidondoke.

Siku nne baadaye, umati wa wafuasi wa Trump ukiwa umefika Bungeni kupinga matokeo, msaidizi wake Cassidy Hutchinson alimkuta kwenye kochi ofisini kwake, macho kwenye simu. Hutchinson aliyaeleza haya chini ya kiapo Juni 2022. Mwanasheria wa Ikulu, Pat Cipollone, akaja mbio akisema ni lazima waende kwa Rais sasa hivi. Jibu la Meadows lilikuwa kwamba Rais hataki kufanya chochote. Wanaomtetea watasema alijitahidi, maana mtoto wa Trump alipomwandikia kwamba baba yake alaani ghasia zile mara moja, alimjibu kwamba anasukuma sana. Sawa, jibu hilo lipo na nalitambua. Lakini kwenye mieleka ya Bunge alijua kusukuma mpaka Spika akaanguka. Nguvu ile ilikwenda wapi?

Yapo mengine. Oktoba 2020 alisema kwenye runinga kwamba serikali haitalidhibiti janga la korona, watu wakiwa wanazikana. Lipo pia suala la kujiandikisha kupiga kura kwa anwani ya trela huko Scaly Mountain, North Carolina, ambamo inadaiwa hakuishi. Jina likafutwa kwenye daftari, wanasheria wa jimbo wakaamua kutomshtaki.

Linalonichoma ni hili. Julai 2018, yeye na Jim Jordan waliwasilisha hoja ya kumng'oa naibu mwanasheria mkuu, Rod Rosenstein, kwa madai kwamba analificha Bunge nyaraka. Bunge likidai, hutoi, unaondoka. Septemba 2021 Bunge, likichunguza ghasia zile za Januari, likamdai yeye. Alitoa ujumbe wa simu 2,319, kisha akagoma kuja kuhojiwa, akidai ni siri za Rais. Mkuki kwa nguruwe. Desemba wabunge 222 dhidi ya 208 wakapiga kura kwamba amelidharau Bunge, Bunge lile lile alilokaa miaka saba. Wizara ya Sheria haikumshtaki.

Nilimjibu rafiki yangu kwa kumkumbusha Oktoba 24, 2019. Jeneza la Elijah Cummings, Democrat, mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, lilikuwa ndani ya jengo la Bunge, katika ukumbi wa sanamu. Yeye na Meadows walikuwa hawakubaliani karibu kwa lolote, na walipendana kweli. Meadows alisimama mbele ya jeneza, sauti ikimkatika, akasema nchi ingefaidika na urafiki zaidi wa aina hiyo, usiotarajiwa. Nilimwamini siku ile, na bado naamini alimaanisha. Miezi 14 na kitu baadaye umati ulipita katika ukumbi huo huo na bendera zao, wabunge wenzake wa juzi wakiwa wamejificha. Yeye alikuwa na ofisi hatua chache kutoka kwa mtu pekee ambaye angeweza kuwaambia warudi nyumbani, na alikuwa amekaa.