Ufa wa msingi: upimwe kwanza au zege litobolewe?

Msingi ukipasuka, neno la kwanza la fundi huwa "nyumba inatitia". Mara nyingi hakosei. Udongo wa mfinyanzi husinyaa wakati wa ukame na kuvimba mvua zikinyesha. Kifusi kisichoshindiliwa hushuka. Bomba linalovuja husomba mchanga chini ya ukuta. Nyufa za aina hiyo zinasomeka. Hukimbilia pembe za milango na madirisha, hupanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, na upana wake haulingani. Ufa uliopanuka zaidi juu hudokeza kuwa ncha ya nyumba imeshuka. Ukiwa mpana zaidi chini, shuku kwamba katikati ndiko kulikozama.

Shida huanza ufa usipofuata tabia hizo. Chukua ukuta wa msingi wenye nyufa nyembamba zilizokatizana pande zote, kama matope ya bwawa lililokauka. Milango yote inafunga vizuri, sakafu haijainama. Unakwangua kwa ufunguo, unga unadondoka kama chaki. Mbele ya ukuta kama huo wataalamu hawasemi kauli moja: wengine wanataka upimwe kwanza, wengine wanataka zege litobolewe na kupelekwa maabara.

Wanaopima wana hoja nzito. Alama ya penseli kwenye kila ncha ya ufa na tarehe pembeni yake hazigharimu kitu, na baada ya mwaka mzima, ukame na mvua vikiwa vimepita, utajua kama ufa unafunguka na kufunga au unasonga mbele tu. Wengi waliokimbilia kuchimba na kuongeza zege chini ya msingi walitibu ufa uliokwisha kutulia zamani. Zaidi ya hapo, upana nao unasema kitu: jedwali linalotumiwa sana Uingereza huweka nyufa za hadi milimita 5, kwa kawaida, kwenye kundi la kasoro za mwonekano.

Lakini jedwali hilo limetokana hasa na nyumba zilizosogezwa na ardhi. Ule mtandao wa nyufa za milimita moja ukiupima kwa rula hiyo, ukuta unafaulu mtihani huku unaoza.

Yaliyotokea kaskazini-mashariki mwa jimbo la Connecticut, Marekani, yanaonyesha hatari yenyewe. Kokoto za machimbo moja ya Willington zilikuwa na pirotaiti, madini ya chuma na salfa. Hewa na maji vikiyafikia, madini hayo huoza na kutoa salfeti, aina ya chumvi ya salfa, na salfeti hushambulia saruji iliyokwisha kuganda, na fuwele zinazoota ndani hulipasua zege kutoka tumboni. Dalili zinaweza kuchukua miaka 10 au 20, hata zaidi, kujitokeza. Kuziba ufa kwa gundi ya sindano hakusaidii hapo. Tiba ni kuiinua nyumba kwenye magogo na kujenga msingi mpya. Na pirotaiti si adui pekee wa ndani. Mwaka 1940 mhandisi Thomas Stanton wa California alieleza jinsi alkali ya saruji inavyoweza kupambana na silika, madini yaliyomo kwenye baadhi ya kokoto, na kulivimbisha zege. Kutu ya nondo nayo hulipasua, ila yenyewe hujitaja: ufa hunyooka kufuata nondo, ukiambatana na madoa ya rangi ya kahawia.

Je, basi kila mtu atoboe? Hapana. Maabara nayo hupotosha. Etringaiti, fuwele inayolaumiwa katika maradhi mengi ya zege, huonekana pia ndani ya zege zima lisilo na tatizo lolote, kwa hiyo kuiona tu si ushahidi. Kipande kimoja kilichokatwa kwenye kona nzuri hakisemi lolote kuhusu kona mbovu. Hata ule unga mweupe ukutani una mtego. Ukiuwekea siki ukatoa mapovu, huenda ni chokaa tu iliyoletwa na unyevu, lakini ukusanye unga wenyewe pembeni kwanza, maana zege nalo hutoa mapovu likiguswa na siki.

Mimi naegemea upande wa kupima pale tu ufa unapoonyesha dalili za ardhi. Rula hujibu swali la udongo. Swali la zege lenyewe hailijibu, hata ukisubiri miaka mitano. Ukiona mtandao wa nyufa, unga, au zege linalomeguka kwa mkono, kusubiri ni kupoteza muda. Toboa angalau sehemu mbili, moja mbovu na moja inayoonekana nzima, na umtake mtaalamu aangalie kokoto kwa darubini, asiishie kupima nguvu. Zege linaweza kufaulu kipimo cha nguvu leo na bado likawa na ugonjwa huo ndani ya kokoto zake. Na kabla ya yote, usiruhusu mtu apige lipu juu yake. Piga picha kwanza, ukiweka rula kando ya ufa.

Kuna ufa mmoja ulio nje ya ubishi huu wote: ule wa mlalo, katikati ya ukuta wa msingi wenye chumba cha chini ya ardhi, uliotuna kuelekea ndani. Huo udongo wa nje unausukuma. Ukuta uwekewe nguzo za kuushikilia siku hiyohiyo, rula na maabara vitafuata.