Wapangaji nao wanauchangia mpango huu
Makala yenu kuhusu Efficiency Vermont, mpango wa kuwasaidia watu wa jimbo la Vermont, Marekani, kupunguza matumizi ya umeme, imeeleza vizuri jinsi ulivyoanza mwaka 2000, lakini imepita juu juu pale panapotugusa sisi wapangaji wa jimbo hili: fedha za mpango huo hutoka kwenye bili zetu za umeme. Tunachangia kila mwezi, na wengi wetu hawajui hata kwamba upo.

Desemba nilimtembelea mama mmoja mgeni kutoka Bukavu. Saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, taa tano zinawaka, zote balbu za zamani za wati 60, ukisogeza kiganja unaunguzwa. Kwa saa tano tu hiyo ni uniti moja na nusu. Tukamwekea za LED za wati 9. Mwanga ni ule ule, na kwa saa zilezile hazifiki hata robo ya uniti. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza mbona hakuambiwa mapema.

Tafadhali, wasimamizi wa mpango huu wautangaze kwa Kiswahili pia, makanisani na misikitini. Na wawaeleze watu wasitupe zile balbu za kujipinda (CFL) kwenye taka za kawaida, maana zina zebaki, ambayo ni sumu.