Tihu si mwanasesere, wala si kinyago

Juzi rafiki yangu kanirushia picha ya sanamu ndogo ya Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, chini kaandika: "Mwanasesere wa Wahindi Wekundu." Nikaguna. Hilo la Wahindi tuliache, tutakesha. Kilichonikera ni huo mwanasesere.

Mwanasesere tunamjua: anavishwa vitambaa, anaburutwa uani, kufika jioni mkono umeng'oka. Tihu, ndilo jina la sanamu hiyo kwa Kihopi, ni mfano wa katsina, roho inayoleta mvua, nayo hutundikwa ukutani. Baba au mjomba ndiye anayechonga, lakini msichana huipokea toka kwa katsina mwenyewe siku ya ngoma. Ngoma ya Powamuya huchezwa Februari. Ile ya Niman huchezwa Julai, makatsina wanapoaga vijiji na kurudi kwao kwenye milima ya San Francisco Peaks, karibu na mji wa Flagstaff. Watu hawa hulima mahindi kwenye nchi kame kwa kutegemea mvua tu. Mtoto anapotazama ukuta wake, anajifunza katsina yupi huombwa nini.

Kazi yenyewe huanza na mzizi mkavu wa mti unaoota kandokando ya mito. Ni mwepesi, unalika kwa kisu bila kupasuka ovyo. Huchongwa, hupigwa tupa na msasa, hupakwa udongo mweupe, ndipo rangi hufuata. Ile ya mtoto mchanga ni kibao bapa tu chenye uso, hakina mikono wala miguu. Siku hizi mafundi huchonga mpaka misuli ya paja, na manyoya ya ndege huyachonga kwenye mti uleule, maana sheria ya Marekani imebana uuzaji wa manyoya ya ndege wengi wa porini. Ufundi wa kutisha, nakiri. Ila nikipewa nichague, nitachukua kile kibao.

"Basi sema kinyago," rafiki akanijibu. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kiswahili chetu huita kinyago sanamu ya mti, na pia kile kinachovaliwa usoni. Wahopi hutenganisha. Tithu, ndio wingi wa tihu, mafundi wengi huwauzia wageni bila shida. Vile vya kuvaliwa huviita marafiki, na haviuzwi. Aprili 2013 takriban 70 vilipigwa mnada Paris. Wahopi walikwenda mahakamani kuuzuia, wakashindwa. Desemba mwaka huohuo, kwenye mnada mwingine, taasisi ya hisani ya Annenberg ya Marekani ilinunua vitu 24 ili virudishwe, 21 kati yake vikiwa vya Wahopi. Sasa andika "Wahopi wapinga kuuzwa kwa vinyago" uone. Msomaji atauliza: si hao hao wanaouza vinyago?

Piza tumeipokea na jina lake, na tihu tuipokee hivyohivyo. Kinachonisumbua sasa ni ngeli. Tangu mwanzo nimeandika kana kwamba ni "tihu hii". Yule msichana wa Niman nadhani angesema "huyu".