Mishipa iliyovimba miguuni: C0 mpaka C6 ni ratiba, au inakuambia tu mguu ulivyo leo?

Kuna ile chati inayosambaa sana ya miguu saba iliyopangwa mstari, wa kwanza safi kabisa, unaofuata una vinyuzi vyekundu, wa tatu una mishipa imevimba na kujipindapinda, unaendelea hivyo mpaka wa mwisho wenye kidonda kibichi, na chini yake zimeandikwa C0, C1, C2 mpaka C6. Mtu mwenye hiyo mishipa akiiona anatafuta mguu wake kwenye mstari, anajikuta C2, na swali linalomjia ni moja tu: sasa mi C6 nafika lini? Majibu anayopewa yanagongana. Kuna wanaomwambia wahi katibiwe, huu ugonjwa haurudi nyuma na kila mwaka unaopita unakisogelea kidonda. Wengine wanamwambia acha presha, watu kibao wanazeeka na hiyo mishipa na kidonda hawajawahi kukiona. Mi naona pande zote mbili zina ukweli wake, ila zote zinaisoma chati vibaya kwa namna ileile, zinaifanya ratiba ya safari wakati haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tuanze na mguu wenyewe maana bila hapo mengine hayaeleweki. Damu ikishashuka mguuni kwa ateri inatakiwa ipande kurudi kwenye moyo kwa vena, na kinachoipandisha zaidi ni misuli ya shavu la mguu, ukitembea inakamua vena za ndani na damu inasukumwa juu. Ndani ya vena kuna vali, ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu, damu ikishapita unajifunga isirudi. Ukisimama wima bila kutembea, presha ndani ya vena pale kifundoni inafika kama 80 hadi 90 mmHg, na ukianza kutembea, kwa mguu mzima, inashuka mpaka chini ya 30. Sasa vena ikilegea na kutanuka, au vali zenyewe zikiharibika, ule mlango haufungi vizuri, damu inarudi chini na ile presha haishuki inavyotakiwa hata ukitembea. Mguu unashinda na presha kubwa kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, na uvimbe, ngozi kubadilika rangi, mpaka kidonda, vyote vinaanzia hapo.

Alafu ndo tuje kwenye hizo herufi. Mfumo unaitwa CEAP, ulitengenezwa na kamati ya kimataifa chini ya American Venous Forum, chama cha wataalamu wa vena cha Marekani, mwaka 1994, ukafanyiwa marekebisho 2004 na tena 2020. Watu wengi wanajua C tu, lakini zipo herufi nne na kila moja inajibu swali lake. C ni kinachoonekana kwa macho na kupapaswa kwa mkono. E ni chanzo, yaani umezaliwa nalo, limekuja lenyewe bila sababu inayojulikana, au limeletwa na kitu kingine kama damu iliyowahi kuganda. A ni vena zipi zimeathirika, za juu karibu na ngozi, za ndani kabisa, au zile zinazounganisha za juu na za ndani. P ni tatizo lenyewe ni nini, damu inarudi nyuma, njia imeziba, au vyote viwili.

Kwenye hiyo C, C0 ni hakuna kitu kinachoonekana. C1 ni vile vinyuzi vyembamba chini ya milimita 1 na vishipa vya bluu vya milimita 1 mpaka 3. C2 ndo mishipa yenyewe tunayoiongelea, milimita 3 kwenda juu, na inapimwa mtu akiwa amesimama, sio amelala. C3 ni mguu kuvimba. C4 ni ngozi, na imegawanywa: C4a ngozi imekuwa ya kahawia au ina ukurutu, C4b imekuwa ngumu au ina makovu meupe, C4c ni vishipa vidogo vingi vilivyotawanyika pembeni ya kifundo na unyayo. C5 ni kidonda kilichopona, C6 ni kidonda kibichi. Kuna na herufi ndogo, s kama una dalili na a kama huna, na marekebisho ya 2020 yakaongeza r kwa mishipa au vidonda vilivyorudi tena.

Ukiziangalia vizuri utaona hizo namba hazilazimishi mtu apite moja baada ya nyingine. Mtu aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ndani anaweza akafika C4 na hata kidonda bila kuwa na mshipa wowote uliovimba kwa nje, amerukia huko moja kwa moja. Mwingine ana C2 ya miaka mingi na mguu haujawahi kuvimba. Na C3 yenyewe ina utata wake kwa sababu miguu inavimbishwa na moyo, figo, ini, mishipa ya limfu, hata baadhi ya dawa za presha kama amlodipine, kwa hiyo mtu ana mishipa na mguu umevimba, wanahitimisha ni C3, kumbe uvimbe unatoka sehemu nyingine kabisa. Pia namba haipimi maumivu. Utafiti uliofanyika Edinburgh, mji wa Scotland, ulikuta uhusiano kati ya mishipa inayoonekana na dalili kama uzito, kuwasha na maumivu ya mguu ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, wapo wenye mishipa mikubwa hawahisi kitu na wapo wenye C1 wanaolalamika kila jioni.

Sasa twende kwenye hoja za wanaosema wahi. Hawatungi, takwimu wanazo. Hao hao wa Edinburgh waliwafuatilia watu kwa miaka 13, na kati ya waliokuwa tayari na tatizo la vena mwanzoni, 57.8% hali yao ilisonga mbele, wastani wa kama 4.3% kwa mwaka. Na walioanza wakiwa na mishipa iliyovimba tu bila kingine, 31.9% waliishia kupata dalili za ugonjwa sugu wa vena. Hilo sio jambo dogo, karibu mtu mmoja kwa kila watatu, kwa hiyo yule anayekuambia hiyo mishipa ni suala la urembo tu anakudanganya, hata kama nia yake ni kukutuliza.

Lakini geuza hesabu ileile uisome upande wa pili. Karibu watu wawili kwa kila watatu, miaka 13 yote, hawakufika huko. Na hao waliosonga sio wote walipata vidonda, kusonga mbele maana yake inaweza kuwa mishipa imeongezeka, au mguu wa pili nao umeanza. Kwa hiyo kumwambia mtu wa C2 kwamba kidonda kinamsubiri ni kumtisha bure, na mtu aliyetishwa anakubali chochote atakachouziwa.

Kuna kitu kingine kwenye hoja za wanaosema wahi ambacho mi nakipinga waziwazi. Wanapenda kutaja majaribio mawili makubwa ya Uingereza. La kwanza linaitwa ESCHAR, la 2004, lilionyesha kwamba kufanyia upasuaji vena za juu pamoja na bandeji za kubana kunapunguza kidonda kurudi, ndani ya mwaka mmoja ilikuwa 12% dhidi ya 28% kwa waliotumia bandeji peke yake. La pili ni EVRA, 2018, waliotibiwa vena mapema vidonda vyao vilipona kwa siku 56 kwa kiwango cha kati, wenzao waliosubiri ikawa siku 82. Matokeo mazuri sana, na mtu mwenye kidonda akiambiwa avae bandeji tu na hakuna anayempima vena, hapo anadhulumiwa. Ila hao wote walikuwa watu wa C5 na C6! Huwezi kuchukua ushahidi wa mtu mwenye kidonda ukampelekea mtu wa C2 asiye na dalili yoyote ukamwambia sayansi imeamua akachomwe leza. Kwa mtu wa C2 mwenye maumivu na uzito, matibabu yanamsaidia kweli kupunguza hizo dalili, na hiyo ni sababu tosha ya kutibiwa, haihitaji kuongezewa hofu ya kidonda. Hata mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaelekea hukohuko, wanaotakiwa kupelekwa kwa mtaalamu wa mishipa ni wenye dalili, wenye mabadiliko ya ngozi, wenye mshipa uliokuwa mgumu na kuuma, na wenye kidonda kibichi au kilichopona.

Wanaosema subiri nao wana kosa lao, na kwa maoni yangu ndo linaloumiza watu wengi zaidi. Wao wanaangalia ukubwa wa mshipa. Mshipa haujaongezeka, basi mambo shwari. Wakati pa kuangalia sio kwenye mshipa, ni kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Hapo ndo presha inakaa zaidi, chembe nyekundu za damu zinavuja nje ya vishipa, madini yake ya chuma yanabaki kwenye ngozi na kuiacha na baka la kahawia ambalo halitoki kwa kuoga wala kwa mafuta. Inaanza kuwasha usiku, mtu anajikuna, anaambiwa ni fangasi, anapaka krimu miezi na miezi. Baadaye ukiibonyeza kwa kidole haibonyei tena, imekaza, imeshikana na kilicho chini yake, na mguu unakuwa mwembamba juu ya kifundo wakati shavu limebaki kubwa. Hiyo ni C4b, na hapo kajeraha kadogo tu ka kujigonga kwenye kiti kanaweza kugoma kupona. Kwa mtazamo wangu mpaka wenyewe uko hapa, kutoka C2 na C3 kuingia C4, kwa sababu ngozi ikishakaza hivyo hata ukitibu vena vizuri hairudi kuwa kama zamani.

Na wanaochelewa mpaka hapo wengi ni wanaume, maana wameaminishwa hii ni shida ya kina mama na mambo ya ujauzito. Edinburgh walikuta mishipa mikubwa iliyovimba kwa karibu 40% ya wanaume na 32% ya wanawake. Ujauzito unachangia, hilo halina ubishi, ila mishipa iliyotokea wakati wa ujauzito mara nyingi inanywea ndani ya miezi baada ya kujifungua, ndo maana madaktari wengi wanasubiri kwanza kabla ya kugusa kitu.

Kwa hiyo nani aharakishe na nani atulie? Hapo C peke yake haikusaidii, kinachosaidia ni altrasaundi ya vena. Unasimama, uzito unauweka mguu mwingine, mpimaji anakuwekea kifaa pajani au nyuma ya goti alafu anakubana shavu la mguu. Damu inapanda, kwenye skrini unaona rangi moja. Anaachia ghafla, na hapo ndo anaangalia saa, rangi ikigeuka maana yake damu inarudi chini, na kwenye vena za juu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde hiyo vali haifungi. Watu wawili wote C2, mmoja damu inarudi kwenye tawi dogo tu, mwingine inarudi kuanzia kinenani mpaka chini na vena za ndani nazo zina shida, hao hawana mwendo mmoja. Pale Edinburgh waliosonga mbele zaidi ni hao ambao za juu na za ndani zote zilikuwa zinarudisha, pamoja na wenye historia ya kuganda damu, na wenye mishipa ambao pia walikuwa na uzito mkubwa walipata zaidi mabadiliko ya ngozi.

Soksi za kubana zinatajwa na pande zote kama jibu la kila kitu. Zinapunguza uvimbe na ule uzito wa jioni, na kubana mguu kunasaidia kidonda kupona, lakini ushahidi kwamba zinamzuia mtu wa C2 asisogee hautoshi, na mtu mwenye kisukari, anayevuta sigara au mwenye nyayo za baridi apimwe ateri kwanza kabla hajavaa zinazobana sana, maana zinaweza kumkatia damu ya kwenda chini.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri mjadala. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa ikiambatana na kubanwa kifua au pumzi, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Mshipa ukipasuka na kutoa damu, lala, inua mguu juu kuliko moyo, gandamiza palepale kwa kitambaa na usiachie, alafu utafute msaada.

Ukienda kupimwa usiridhike kuambiwa "wewe C2" ukaondoka. Omba yote iandikwe, kwa kila mguu peke yake, mfano C2s, Ep, As, Pr, yaani mishipa ipo na ina dalili, imekuja yenyewe, iko kwenye vena za juu, na tatizo ni damu kurudi. Omba na alama za VCSS, kipimo cha ukali wa ugonjwa wa vena, ambazo ni vipengele kumi, kila kimoja 0 mpaka 3, jumla 30, kwa sababu C haionyeshi nafuu, mtu wa C5 atabaki C5 hata akipata nafuu kiasi gani, ila VCSS inapanda na kushuka. Ukirudi baada ya mwaka na karatasi hiyo mkononi, daktari ataweza kukuambia mguu wako umesogea au umesimama palepale.