Gerbert hakuleta sifuri Ulaya, alileta safu

Mambo mawili husemwa sana kuhusu Gerbert wa Aurillac, mtawa Mbenedikto aliyefariki mwaka 1003 akiwa Papa Silvester II. La kwanza, kwamba alijifunza uchawi kwa Waarabu akamuuzia shetani roho yake. La pili, kwamba ndiye aliyewapa Wazungu sifuri. La kwanza ni uzushi wa mahasimu wa mapapa, ulioanza karne ya 11, kisha mwanahistoria Mwingereza William wa Malmesbury akaunogesha karne iliyofuata. La pili husemwa kwa nia njema, lakini naona ndilo linalomdhulumu zaidi, maana linafunika kazi aliyoifanya kweli.

Mwaka 967 Borrell, mtawala wa Barcelona, alifika monasteri ya Saint-Géraud pale Aurillac, Ufaransa, na alipoondoka aliondoka na kijana huyu ili akasome hesabu. Gerbert akafundishwa na Askofu Atto wa Vic, jirani na Hispania ya Waislamu. Tarakimu za Waarabu, mama wa hizi zetu 1, 2, 3, zilikuwa zimeshaanza kuvuka mpaka. Hati iliyoandikwa na watawa wa Albelda, kaskazini mwa Hispania, mwaka 976 ina alama kuanzia moja hadi tisa, basi. Sifuri haimo. Gerbert naye alikuwa na hizohizo tisa.

Alipokuwa mwalimu Reims, kaskazini mwa Ufaransa, mwanafunzi wake Richer anasimulia, alimpa kazi fundi wa ngao amtengenezee ubao wa kuhesabia wenye safu 27, pamoja na kete 1,000 za pembe. Kila kete ilikuwa na alama moja ya tarakimu. Hapo ndipo penye uzito. Kwenye ubao wa mawe matupu yasiyo na alama, saba ni mawe saba. Kwa Gerbert, saba ni kete moja, na thamani yake inatokana na safu ilimowekwa: mamoja, makumi, mamia, maelfu, na kuendelea.

Chukua 46 mara 23. Weka 46 juu ya ubao na 23 chini, kila tarakimu kwenye safu yake, kisha majibu yakae katikati. Tatu mara sita ni 18: kete ya 8 kwenye mamoja, ya 1 kwenye makumi. Tatu mara nne ni 12, lakini nne ile ni ya makumi, kwa hiyo 2 inakwenda makumi na 1 mamia. Mbili ya makumi mara sita: tena 2 makumi, 1 mamia. Mbili mara nne, zote za makumi: 8 mamia. Sasa kusanya. Mamoja yana 8. Makumi yana 1, 2 na 2: ziondoe, weka kete ya 5. Mamia yana 1, 1 na 8, jumla kumi: ziondoe zote, peleka kete ya 1 kwenye maelfu. Safu ya mamia imebaki wazi, na jibu ni 1,058.

Ubaoni uwazi ule hausumbui mtu, kwa sababu mstari wa safu unaonekana. Shida inaanza ukitaka kuhamishia jibu kwenye karatasi ya ngozi. Ukinakili kete kama zilivyo utapata 158, ndiyo maana jibu liliandikwa kwa namba za Kirumi, MLVIII. Ubao ulikuwa unaifanya kazi ya sifuri, hivyo hakuna aliyeona haja ya kuitafutia alama. Neno letu sifuri linatokana na sifr ya Kiarabu, yaani tupu, na ndicho kitu hasa kilichokosekana Reims.

Kasoro nyingine ilikuwa kete zenyewe. Kila unapojumlisha lazima uondoe mbili au tatu na kutafuta nyingine yenye alama sahihi kwenye rundo, na kete ya mviringo ikilala upande, alama nayo inalala. Katika hati za baadaye tarakimu hizi huonekana zimegeuzwa kila namna, na naamini chanzo ni hicho.

Uaskofu haukumpa raha. Mwaka 991 mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika karibu na Reims ulimvua Arnulf uaskofu mkuu, Gerbert akawekwa badala yake bila ridhaa ya Roma. Mgogoro ukamwandama hadi mwaka 997 alipoondoka na kuhamia kwa Kaisari Otto III. Mwaka 998 akawa askofu mkuu wa Ravenna, na Aprili 999 Papa. Akiwa Papa alimthibitisha Arnulf, hasimu wake yuleyule, kwenye kiti cha Reims. Wanaosimulia habari za shetani, hilo hawalitaji kamwe.

Sifuri ilikuja na tafsiri za Kilatini za karne ya 12, na mwanahisabati Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, akaifafanua vizuri mwaka 1202. Kufikia hapo, vizazi kadhaa vya wanafunzi vilikuwa vimeshazoea kwamba 5 ya makumi na 5 ya mamia ni kete ileile.